Kitabu Kilichotufikisha Chini ya Altare

Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, na kitabu kile kilinikasirisha kabla sijakimaliza. Kilianza kuonekana Kahama, stendi, kwenye meza za wauza magazeti, jalada jekundu lenye msalaba uliopasuka katikati. Haukupita muda kila mwalimu ofisini kwetu akawa nacho, wengine cha karatasi, wengine kwenye simu, maana kuna mtu asiye na haya alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa akakimwaga kwenye magrupu ya WhatsApp. Kusahihisha madaftari kukawa shida. Chai ikishamiminwa tu, mjadala.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Padre mzee anakutwa amekufa ndani ya kanisa la zamani la misheni. Binti mmoja mtangazaji wa redio anaanza kufuatilia, anagundua kwamba chini ya altare kumefichwa mifupa ya mwanamke wa huku huku kwetu, mtakatifu aliyekuwa akiponya watu kabla wamisionari hawajafika, na kwamba wakubwa wa Kanisa walimkana na kumfukia ili watu wasije wakamsikia. Siri hiyo inalindwa na makatekista, baba anamrithisha mwana. Kila sura inaisha mtu akiwa na kisu shingoni. Nilikisoma mpaka nikaunguza maharage.

Kila mtu alikuwa na lake. Mwalimu wa hesabu, mlokole, alisema kitabu kimethibitisha tu alichokuwa anakijua siku zote, kwamba sisi Wakatoliki tuna mambo. Mwalimu wa Kiswahili alisema lugha ni tamu lakini muuaji anajulikana mapema mno. Mwalimu wa jiografia, ambaye ni Muislamu, ndiye aliyekipenda kuliko sisi wote. Alisema kama ni uongo basi umepangwa na mtu mwenye akili, na akauliza kwa nini hakuna anayewaandikia na wao cha kwao. Mama anayetupikia chai alilia kabisa kwa ajili ya yule mtakatifu, akaanza kumuomba amponye mgongo. Nikamwambia mama, huyo mtu hayupo, ametungwa. Akaniuliza, "Wewe umejuaje?" Nikachukua kikombe changu nikaondoka na hasira zangu.

Hasira zangu zilikuwa na sababu. Katika kitabu, anayetia sumu kwenye divai ya padre ni katekista. Mzee mpole, anavaa koti lililochakaa, anagonga kengele, anafundisha watoto sala, kumbe ndiye. Na baba yangu ni katekista. Amekuwa katekista wa kigango chetu tangu sijazaliwa, huko kijijini katikati ya Ushirombo na Nyarugusu. Padre anafika mara chache, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote aliyepo ni baba: anaongoza ibada ya Jumapili, anafundisha wakatekumeni, anawazika watu mvua ikinyesha. Kwa kazi hiyo hapati kitu zaidi ya kuku wa Krismasi. Sasa mtu kakaa mjini huko na kompyuta yake anamfanya muuaji. Nilichukia, sifichi.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani, nikidhani kitabu nimekiacha Kahama. Nilishuka kwenye bodaboda, nikamkuta baba uani anaanika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba. Nikapiga goti, shikamoo baba, akaitikia marahaba, na kabla hajaniuliza habari za safari akasema, "Ng'wanone, mwanangu, hicho kitabu cha altare unakijua?"

Nilishtuka. Baba ana mtoto wa jicho, hasomi tena hata Injili, anaisema kwa kichwa. Nikamuuliza amekijulia wapi.

"Wananiita mlinzi," akasema.

Waliomuita hivyo walikuwa wachimbaji. Kijijini kwetu vijana wengi huenda kuchimba dhahabu Nyarugusu na kurudi msimu wa kulima, na huko kambini wana utaratibu wao: maji yakijaa kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, na pampu ikachelewa, wanakaa juu kusubiri, mmoja anayejua kusoma anasoma kwa sauti na kuwageuzia wenzake kwa Kisukuma. Ndivyo walivyokisikia kitabu. Sura za mapenzi waliziruka. Maaskofu wa jijini hawakuwahusu. Walichokitaka ni zile kurasa ambazo binti mtangazaji anashuka chini ya altare na kurunzi, na hapo walikaa sana, wakirudia mstari kwa mstari. Walicheka kwamba handaki la kitabuni halikuwekewa matimba, magogo ya kuzuia ukuta, lingemfukia yule binti ukurasa ule ule. Halafu wakafika mahali mwandishi anaposema altare ilisimama juu ya mwamba mweupe wenye mistari ya kutu, akaifananisha mistari hiyo na damu ya mashahidi. Hapo hawakucheka.

Aliyenieleza haya ni kijana mmoja aliyekuwa akichimba na marehemu mdogo wangu. Alikuja jioni hiyo hiyo kunisalimia, kitabu kakikunja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Ni kijana mwenye sauti nzito, anaimba besi kwenye kwaya, na kwetu ni kama mtoto wa nyumbani. Mdogo wangu alifia Nyarugusu, duara lilishuka likamfukia kipindi cha mvua. Huyu alikuwa juu anavuta kamba, ndiyo maana yeye yupo. Ndiye aliyemleta nyumbani amefungwa kwenye turubai, na tangu hapo kila akirudi kijijini lazima apite kwa baba, akae kidogo, akate kuni.

Siku hiyo hakukata kuni. Alifungua kitabu akaweka kidole.

"Mwalimu, soma hapa. Jiwe jeupe, mistari ya kutu. Hilo si jiwe la mtakatifu. Hilo ni jiwe la dhahabu. Mwandishi ameliandika bila kujua."

"Mwandishi ametunga," nikamwambia.

"Ametunga mifupa. Jiwe ameliona mahali."

"Haya, ameliona. Sasa sisi linatuhusu nini?"

Akamtazama baba, akashusha sauti kwa adabu. Akasema yeye alikuwa mtumishi wa altare utotoni, na mdogo wangu pia, na wote wawili walikuwa wakijikwaa mahali pale pale, nyuma ya altare, ambapo sakafu imevimba. Simenti haivimbi yenyewe. Chini yake kuna jiwe, na anayejenga akikuta jiwe hulivunja asawazishe. Hawa kwa nini waliliacha wakalipaka simenti juu? Na kwa nini kanisa lenyewe limekaa upande, mlango hautazami barabara wala hautazami nyumba za watu?

Kweli kanisa letu limekaa upande, kama mbuzi aliyekataa kuswagwa. Tumekua tukilitania. Tuliambiwa ni kwa sababu altare lazima ielekee mashariki, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

"Baba, tunaomba utufungulie tupime tu," kijana akasema. "Tukikosa, tunarudishia simenti."

Baba akasema ile ni nyumba ya Mungu, si duara. Akasimama akaenda kugeuza michembe yake. Kijana akaaga vizuri, ila mlangoni akaniambia kwamba wenzake hawana subira kama yake, na kama mzee hafungui, ipo siku watafungua wenyewe.

Hilo ndilo lililonichemsha. Kanisa lile baba kalijenga kwa mikono yake pamoja na watu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tofali kwa tofali. Mama alikwishatangulia, na ukiliondoa kanisa lile baba hana kitu kingine duniani. Leo walioimbishwa na yeye, waliobatizwa mbele ya macho yake, wanataka kulifumua kwa sababu ya riwaya ya stendi. Nililala nimevimba.

Jumapili ile padre alifika, na baada ya Misa watu wakamuuliza kuhusu kitabu. Padre wetu ni kijana, mcheshi. Alisema amekisoma chote, na kwamba laiti parokia ingekuwa na siri ya thamani namna ile angeshaiuza aezeke paa la nyumba ya mapadre. Watu wakacheka. Lakini wale wachimbaji, kule nyuma, hawakucheka. Mmoja akasema kwamba hata kitabuni askofu anaanza kwa kuchekesha watu.

Basi nikaomba ruhusa nikasimama mimi. Niliwapa somo. Niliwaeleza riwaya ni nini, kwamba mtu anakaa chini anabuni watu ambao hawakuzaliwa na makanisa ambayo hayakujengwa, na sisi tunalipa ili tudanganywe vizuri. Nikawauliza wamesikia wapi mtu akachimba hadithi. Nikasema ni aibu, watu wazima, kumshuku mzee aliyewafundisha ishara ya msalaba kwa sababu ya jalada jekundu. Nilikuwa mkali. Wakainamisha vichwa, wanawake wengine wakanipigia vigelegele. Nilikaa najisikia nimefanya kazi. Baba alikuwa kiti cha mbele na hakunitazama.

Nikadhani amechoka. Kesho yake mchana akaniomba nimsomee kitabu.

"Chote?"

"Chote. Nataka kujua wamenisema nini."

Tukakaa kivulini nyuma ya nyumba, yeye anamenya karanga, mimi nasoma. Nilikuwa nakikejeli kila nilipofika penye upuuzi, nikiigiza sauti ya askofu, na mwanzoni alitabasamu. Alimhurumia padre aliyekufa. Kuhusu yule mtakatifu alisema hajui, Mungu anawajua walio wake. Siku iliyofuata tukafika kwa katekista. Ni sura moja ndefu, mzee anamwonyesha yule binti altare, anamweleza kwamba wao walinzi walichagua kujenga juu ya kitu ili mtu asikifikie, kwa sababu watu humuogopa Mungu kuliko wanavyomuogopa polisi. Niliisoma kwa dharau. Nilipoinua macho, karanga zilikuwa zimemwagika chini na baba alikuwa amenikazia yale macho yake yenye ukungu.

"Huyu mwandishi," akasema, "nani alimwambia?"

Nikacheka. Nikasema baba, na wewe tena? Hakucheka. Akarudia lile swali taratibu.

Akaniambia yote pale pale. Wakati wanachimba msingi walikuwa yeye, fundi mwashi, na mzee mmoja wa kanisa. Wengine wa msaragambo walikuwa wamekwenda kula. Jembe likagonga jiwe. Wakalifukua kidogo, wakaona jeupe, lenye mistari ya kutu, refu kama ng'ombe aliyelala. Wote watatu waliwaza dhahabu. Mwaka ule ule, katika kijiji cha jirani, dhahabu ilikuwa imeonekana shambani kwa mjane. Kabla mahindi yake hayajabeba, maturubai ya wachimbaji yalikuwa yamefika kisimani. Watu walitoka kila mkoa. Walichimba shamba, wakachimba njia, wakachimba mpaka makaburini, maji yakawa hayanyweki, watoto wakaacha shule wakaenda kusaga mawe. Yule mjane alihama na sufuria zake tu. Baba alikuwa amekwenda kumzika mtu huko akayaona kwa macho yake.

"Tukaona na kwetu yamefika," akasema. "Tukafukia. Tukaugeuza msingi ili jiwe liingie chini ya altare. Watu waliporudi tukawaambia habari ya mashariki."

Ndiyo maana limekaa upande.

Sijui nieleze vipi nilivyokuwa. Mimi niliyesimama mbele ya watu nikafundisha kwamba makanisa ya namna hiyo hayakujengwa. Nilimuuliza kama padre anajua. Hapana. Mama je? Hapana, alikufa bila kujua. Fundi na yule mzee nao wamekwisha kufa. Amebaki peke yake. Kitabu kile kilichoniudhi mimi bintiye, yeye kilimtisha, kwa sababu kilikuwa kimemsema yeye.

Halafu wazo la pili likanifika, na hilo ndilo lililonikata maini. Mdogo wangu alipotaka kwenda Nyarugusu, alimuomba baba baraka. Baba alimwambia akae alime. Akajibu, nilime nini, baba, na ardhi ndiyo hii? Baba akambariki. Akamwekea mkono kichwani huku anajua kwamba hatua chache kutoka pale kuna jiwe, na kwamba kijana angeweza kulichimba juu juu, bila maji, nyumbani kwao, akila ugali wa dada yake. Badala yake akaenda kwenye shimo la watu, refu, la maji.

"Baba," nikasema, "na yeye hukumwambia?"

"Ningemwambia yeye, angewaambia wenzake. Yangetufika ya yule mjane." Kisha akasema, "Tangu walipomleta kwenye turubai nimekuwa najiuliza kama nilimnyima mwanangu. Sijawahi kuungama. Sijui niungame nini. Kwamba nilificha, au kwamba nilitamani kusema?"

Nilijisikia kumchukia na kumkumbatia, vyote pamoja, na sikufanya hata kimoja. Niliokota karanga.

Kisha nilimsihi anyamaze. Ndiyo, mimi. Nikamwambia ameshakaa nayo maisha yote, akae nayo tu, watu nimeshawatuliza. Akasema kwamba niliwatuliza kwa uongo bila kujua, na sasa najua, kwa hiyo nikinyamaza ninakuwa mlinzi mwingine, na yeye hataki kunirithisha. "Ya kitabuni yaishie kitabuni," akasema.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na padre. Baba aliongoza ibada kama kawaida, na penye mahubiri akashika ukingo wa altare.

"Mnasema kitabu ni kweli, wengine mnasema ni uongo," akasema. "Habari za maaskofu sizijui. Habari ya katekista ni kweli. Jiwe lipo. Nimesimama juu yake."

Mama mmoja wa jumuiya yetu alijifunika kanga usoni. Mwingine, aliyenipigia vigelegele wiki iliyopita, aligeuka akanitazama kama vile nimemwibia. Baba akaeleza yote: msingi, fundi, mjane, mashariki. Hakujitetea popote. Alipomaliza, wakaanza kubishana pale pale mbele ya msalaba, na hapo ndipo nilipoona kila mtu alikisoma kitabu chake. Wazee walisema baba aliokoa kijiji, mashamba yapo na kisima kipo kwa ajili yake. Vijana walisema aliwanyima mkate kwa kisingizio cha Mungu. Mama mmoja akauliza kama na mifupa ya yule mtakatifu ipo humo chini, akaambiwa anyamaze.

Rafiki wa mdogo wangu hakubishana. Alitoka kwenye benchi la besi akaja mpaka mbele.

"Mzee, kwa hiyo tulikuwa tunafia mbali, na kitu kipo hapa?"

Yule kijana alikuwa amemvuta rafiki yake kwa kamba ambayo ilirudi tupu, na sasa anauliza mbele ya watu wote swali ambalo baba amekuwa akijiuliza peke yake.

Padre aliitwa. Alikuja kwa pikipiki siku iliyofuata, ucheshi wote umemtoka. Alikaa na baba sakristia muda mrefu. Alipotoka alisema hataruhusu kanisa livunjwe. Lakini pia alisema, na hapa nilimheshimu, kwamba jiwe lisilojulikana ndilo hatari, watu watalichimba kila siku vichwani mwao mpaka walichimbe kwa sururu. Kwa hiyo litapimwa. Mchana, milango wazi, kila mtu aone. Likiwa na kitu, kijiji na parokia watakaa chini waamue. Akamwambia yule kijana apime yeye.

Watu walijaa kama siku ya Kipaimara. Baba mwenyewe aliondoa vinara, akakunja kitambaa cha altare, akanipa nishike. Nilijua anachokingoja, na nadhani hata wewe unakijua. Wengine walikuwa wanangoja kujua kama ni matajiri. Yeye alikuwa anangoja kujua kama alimuua mwanawe.

Kijana akapiga patasi kwenye ule uvimbe wa sakafu. Simenti ikatoka vipande vipande, na jiwe likaonekana. Lilikuwa jeupe, na mistari ilikuwepo, ya kutu kabisa, kama lilivyoandikwa. Watu waliguna kanisa zima. Kuna mtu nyuma yangu alianza kulia kwa furaha.

Akabandua kipande, akakilowesha mate, akakigeuza juani mlangoni. Akasita. Akamgeukia baba.

"Mzee, ninyi wenyewe mlilipima?"

"Hapana," baba akasema.

"Miaka yote hiyo?"

"Tulikuwa wakulima. Kulipima ilibidi tulitwange, tulioshe, watu waone. Na tuliogopa. Ukishalipima umeshalitaka."

Kijana akakitwanga kipande kwenye kinu cha chuma pale uani, akachekecha unga kwenye kipande cha kanga, akaumimina kwenye karai, akaongeza maji. Kisha akaanza kulizungusha lile karai, taratibu, maji yanatoka na vumbi lake jeupe, vichwa vya watu vimezunguka mpaka padre akawaomba waache hewa ipite. Kila mtu wa kwetu anajua cha kutazama: mstari wa njano unaobaki ukingoni mwa karai, hata uwe mwembamba kama uzi. Maji yakaisha. Kikabaki kichanga cheusi kidogo. Akakitawanya kwa kidole.

"Hakuna," akasema.

Wakapiga kelele arudie. Akabandua upande mwingine wa jiwe, chini zaidi, penye kutu nyingi. Akatwanga, akaosha. Hakuna. Mchimbaji mwingine mzee akamnyang'anya karai akaosha kwa mkono wake, akachungulia, akatikisa kichwa. Ni jiwe tupu, akasema, yako mengi hivi mpaka Kishapu, kutu ni kutu tu.

Nilisikia uchovu ukipita kwa watu. Mwingine alicheka kwa uchungu, mwingine akamtukana mwandishi, mwingine akasema wazee watatu walikaa wanalinda kokoto. Kweli, ilikuwa aibu ya kutosha kumzika mtu. Maisha yote, mlango upande, siri, mke kafa hajui, na chini yake hakukuwa na kitu. Niligeuka kumtafuta baba nikijua nitamkuta amevunjika.

Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, koti lake limekunjamana. Alimshika yule kijana mkono wenye tope.

"Una hakika? Usinihurumie. Una hakika kabisa?"

"Nina hakika, mzee. Hakuna kitu."

Baba akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya turubai hakulia. Alilia kwa sauti, mbele ya padre, mbele ya watoto anaowafundisha sala, na uso wake ulikuwa unacheka.

"Basi sikumnyima," akasema. "Sikumnyima mwanangu."

Yule kijana akaweka karai pembeni, akachutama, akamshika mabega.

"Hukumnyima, baba," akamwambia.